Maradhi Hayangoji Mshahara

Ndugu wasikilizaji, askari wa jeshi na askari wa polisi, popote mlipo, kambini, vituoni na kwenye vizuizi vya barabarani, mazungumzo ya leo yanahusu bei ya matibabu. Wapo watakaosema kwamba jambo hilo ni la waganga na Wizara ya Afya, na kwamba kazi ya askari ni kulinda mipaka na sheria. Mwenye fikira hiyo na asikilize mpaka mwisho. Hakuna askari aliyezaliwa na sare mwilini. Kila mmoja ametoka katika nyumba fulani, na katika nyumba hiyo amewaacha mama, baba, kaka na dada ambao hawana mshahara wa kungojea kila mwisho wa mwezi. Hao ndio wanaozungumzwa leo.

Na utazamwe mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Magara, kupita Minago, mji wa Rumonge na Kigwena, hadi Nyanza-Lac karibu na mpaka wa Tanzania. Rumonge, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, ulifanywa makao makuu ya mkoa wenye jina hilo mwaka 2015, na katika mgawo mpya wa nchi wa mwaka 2025 umeingizwa katika mkoa wa Burunga. Majina ya utawala yamebadilika, lakini namna ya kutafuta riziki haikubadilika. Watu wa huko huishi kwa samaki, kwa mawese na kwa biashara ndogo ndogo za sokoni na bandarini, mahali ambapo Kiswahili husikika sambamba na Kirundi.

Ndagala, yule samaki mdogo anayelisha nchi nzima, huvuliwa usiku kwa taa. Taa humvuta samaki pale tu penye giza. Mwezi unapokuwa mpevu na mwanga wake kutapakaa juu ya maji, taa ya mvuvi haina kazi, na mitumbwi huvutwa ufukoni. Siku hizo mvuvi hana pato. Mwanamke anayeanika ndagala juani hana pato. Mchukuzi anayebeba magunia hana pato. Mawese nayo yana msimu wake. Michikichi haizai sawasawa mwaka mzima. Kwa hiyo nyumba ya mwambao ina siku za pesa na siku zisizo na pesa, na hakuna aibu yoyote katika hilo, maana ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Askari hulipwa na mwezi wa kalenda. Mvuvi hulipwa na giza.

Sasa malaria haina habari na mambo hayo. Humpata mtoto wa miaka 9 siku ya mbalamwezi kama inavyompata siku ya giza. Mama yake hupiga hesabu: ada ya kumwona mganga, kipimo cha damu, dawa, na nauli ikiwa kituo kiko mbali. Hesabu haitoshi. Basi hungojea. Siku ya pili hununua vidonge viwili dukani, vidonge ambavyo muuzaji mwenyewe hajui kipimo chake. Siku ya nne mtoto hawezi tena kusimama, na hapo ndipo watu wa nyumba hukimbilia kituo cha afya, wakaambiwa kwamba mtoto amepungukiwa damu na lazima apelekwe hospitali. Matibabu ambayo siku ya kwanza yangegharimu pesa kidogo, siku ya nne yanagharimu wavu, au miti michache ya michikichi, au deni la mwaka mzima. Na mara nyingine yanagharimu mtoto mwenyewe.

Hilo ndilo jambo kubwa la mazungumzo haya, na kila msikilizaji analazimika kulishika. Bei inayodaiwa mlangoni haimzuii mtu kuugua. Inamzuia kufika mapema. Na mgonjwa asiyefika mapema hufika akiwa na ugonjwa mkubwa zaidi, hutaka dawa ghali zaidi, na akiwa na maradhi ya kuambukiza, huwa amekwisha kuyagawa kwa jirani zake.

Hapa ndipo ulinzi unapoingia. Mwaka 1978, mwezi wa Septemba, wajumbe wa mataifa ya ulimwengu walikutana katika mji wa Alma-Ata, wakatangaza kwamba afya ni haki ya kila binadamu, wakaweka shabaha ya afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Mwaka huo huo wa 1978 kipindupindu kiliingia Burundi. Kikatoweka kwa muda wa miaka 14, kisha kikarudi kwa nguvu kati ya Januari na Mei 1992, kikishuka kutoka kaskazini kwenda kusini kwa kufuata njia ya maziwa na mito. Wataalamu waliochunguza habari za Rumonge mwaka huo waligundua kwamba hatari kubwa iliwakabili wale waliokunywa maji ya ziwa na kuoga ndani yake. Yaani ziwa lile lile linalowapa watu chakula ndilo lililowapa ugonjwa, kwa kuwa hawakuwa na maji mengine.

Mwaka 2015, wakati wa machafuko, makumi ya maelfu ya raia wa Burundi walivuka mpaka wakajazana katika kijiji kidogo cha Kagunga, upande wa Tanzania, kwenye ufuko wa ziwa hilo hilo. Vyoo havikutosha, maji safi hayakutosha. Katika muda wa siku chache kipindupindu kilizuka, na kufikia mwishoni mwa mwezi wa Mei walikuwa wamehesabiwa wagonjwa wapatao 3,000 na vifo zaidi ya 30. Ile meli kuukuu ya Liemba ikawa inasomba watu kuwapeleka Kigoma, safari baada ya safari. Kumbuka, msikilizaji, kwamba vifo havikuzidi hapo kwa sababu watu walitibiwa palepale, bila mtu kuulizwa ana pesa ngapi.

Kipindupindu kikiachwa bila kutibiwa huweza kuua hata nusu ya wale waliokipata vibaya, tena kwa muda wa saa chache. Kikitibiwa upesi, kwa maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari kwa kipimo kinachofaa, na kwa maji ya mishipa kwa walio mahututi, hufa chini ya mtu 1 katika kila 100. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili si dawa ya ajabu kutoka ng'ambo. Tofauti ni muda. Mgonjwa anayejificha nyumbani kwa kuogopa gharama hafi peke yake. Choo chake ni cha mtaa, maji yake ni ya mtaa, na soko analouzia samaki ndilo analonunulia askari wa kambi iliyo jirani. Jeshi linaweza kuweka walinzi kwenye lango la kambi usiku na mchana. Vijidudu vya kipindupindu havipiti langoni. Hupita katika ndoo ya maji.

Kwa hiyo swali la nani atamlipia mvuvi wa Minago matibabu yake si swali la huruma peke yake. Ni swali la usalama wa wote.

Je, nchi ilifanya nini? Ni vyema historia ikaelezwa kama ilivyokuwa, bila kuipaka rangi. Mwaka 1984 Serikali ilianzisha kadi ya matibabu. Kila nyumba iliyolipa faranga 500 kwa mwaka ilipata kadi ya kutibiwa katika vituo vya serikali, baba, mama na watoto. Wazo lilikuwa zuri sana. Nchi nyingi za Afrika wakati huo hazikuwa na kitu kama hicho kwa ajili ya wakulima na wavuvi. Walakini kadi ile ilikuwa na kasoro tatu. Kwanza, iliweza kununuliwa wakati wowote wa mwaka, na kwa hiyo wengi walingoja mpaka waugue ndipo waende kuinunua. Pili, fedha zake zilikusanywa na tarafa, na hazikufika zote katika vituo vilivyowatibu wagonjwa. Tatu, bei haikupanda wakati bei ya dawa ilipopanda. Matokeo yake ni kwamba mwenye kadi alifika kituoni, akapokewa kwa maneno mazuri, akaandikiwa dawa, kisha akaambiwa dawa hizo zimekwisha, akazitafute dukani.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilizidi kuiharibu hali. Vituo vilichomwa, wauguzi walikimbia, hazina ikakauka. Mwaka 2002 ukaletwa utaratibu wa kumtaka mgonjwa mwenyewe alipe gharama zote, za kumwona mganga, za vipimo na za dawa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 na Madaktari Wasio na Mipaka ulionyesha kwamba watu karibu milioni 1 hawakuweza kupata hata matibabu ya kawaida, na kwamba wengi wa waliotibiwa walikopa au waliuza mali yao. Ndiyo miaka ambayo mgonjwa aliyekwisha kupona alizuiliwa hospitalini kwa sababu hana pesa, mlinzi akiwa langoni, akilala sakafuni ili kitanda kipewe mwingine, akila alichogawiwa na wagonjwa wenzake. Ripoti iliyotolewa Septemba 2006 na shirika la Human Rights Watch pamoja na chama cha APRODH ilieleza habari za watu hao, na miongoni mwao walikuwamo akina mama waliotoka kujifungua, wakishikiliwa pamoja na vichanga vyao.

Tarehe 1 Mei 2006, katika sikukuu ya wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 5 watatibiwa bila malipo na akina mama watajifungua bila malipo. Siku zilizofuata zilionyesha ukweli uliokuwa umefichika. Hospitali zilifurika. Vitanda vililaliwa na wagonjwa wawili wawili, dawa zilikwisha kabla ya wakati, na wauguzi walichoka. Wapo waliosema wakati huo kwamba watu wanatumia vibaya kitu cha bure. Maneno hayo yafaa yachunguzwe. Je, mtoto mwenye homa kali huenda hospitali kwa kupenda matembezi? Mama mwenye uchungu wa uzazi huenda kwa ajili ya starehe? Umati ule haukuzaliwa siku ya tangazo. Ulikuwapo siku zote, majumbani, nyuma ya milango iliyofungwa, ukingojea kupona au kufa. Tangazo liliufungulia mlango tu.

Kosa halikuwa katika kusamehe malipo. Kosa lilikuwa kwamba mlango ulifunguliwa kabla ya ghala kujazwa. Kituo kilichokuwa kikiishi kwa senti za wagonjwa kiliambiwa kisizitoze tena, na malipo ya Serikali yaliyotakiwa kuchukua nafasi yake yakachelewa. Somo hilo lilifanyiwa kazi. Kuanzia Aprili 2010, baada ya majaribio katika mikoa michache, nchi nzima iliingia katika utaratibu wa kuvilipa vituo kufuatana na kazi iliyofanywa na kukaguliwa: watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamezalishwa salama, wagonjwa wangapi wametibiwa sawasawa. Kituo kilichofanya kazi kilipata fedha. Mwaka 2012 kadi ya matibabu nayo ikafufuliwa, kwa faranga 3,000 kwa nyumba kwa mwaka, mwenye kadi akibakiwa na sehemu ndogo tu ya gharama.

Sasa askari ajitazame yeye mwenyewe. Tangu mwaka 1980 kuna Mfuko wa Bima wa Watumishi wa Serikali, ule unaojulikana na wengi kwa jina la Mutuelle. Askari wa jeshi na wa polisi wamo. Kila mwezi sehemu ya mshahara hukatwa, mwajiri naye huongeza sehemu yake, na siku askari au mke wake au mtoto wake anapougua, mfuko hubeba sehemu kubwa ya gharama. Wako askari wanaonung'unika wanapoona makato hayo, hasa mwezi ambao hakuna aliyeugua nyumbani. Lakini ni kwa sababu ya miezi hiyo ambayo hakuna aliyeugua ndipo mwezi wa ugonjwa hupatikana fedha. Hakuna jeshi linalongoja vita vianze ndipo likanunue risasi. Bima ni ghala la risasi lililojazwa wakati wa amani.

Walakini mfuko huo humtambua mke na watoto. Mama mzazi aliyeko Rumonge haumtambui. Kaka anayevua ndagala haumtambui. Basi mama anapougua, ni nani anayelipa? Ni askari yule yule, kwa mshahara ule ule. Simu hulia usiku: mama amelazwa, zinatakiwa fedha kesho asubuhi. Askari hukopa kwa mwenzake, hukopa dukani, na mwisho wa mwezi mshahara hupita mkononi mwake kama maji. Kwa hakika mshahara wa askari umegeuzwa kuwa bima ya ukoo mzima, bima isiyo na hesabu, isiyo na kikomo. Na askari aliyezongwa na madeni ni askari anayejaribiwa na rushwa. Kila afisa anayesimamia vijana anajua jambo hilo, hata kama halisemwi hadharani.

Kwa hiyo askari ndiye wa kwanza kupata faida ikiwa kadi ya matibabu itaenea katika kila nyumba ya mwambao na ya vilimani, na ikiwa kadi hiyo itaheshimiwa inapotolewa. Jirani zetu wa Rwanda wametoa mfano. Mwaka 1999 walianza kujaribu mifuko ya bima ya vijijini katika wilaya 3, za Byumba, Kabgayi na Kabutare. Walijifunza, wakarekebisha, wakaeneza. Kufikia mwaka 2010 zaidi ya watu 9 katika kila 10 walikuwa na bima. Kuanzia mwaka 2011 waliacha kumtoza kila mtu sawasawa. Wenye uwezo walitakiwa kulipa zaidi, na maskini kabisa walilipiwa. Rwanda si nchi ya mafuta wala ya almasi. Ni nchi ya vilima na jembe kama hii. Kilichowasaidia ni kwamba mtu aliandikishwa akiwa mzima, na fedha zilizokusanywa zilirudi kwenye matibabu.

Wala haina haja ya kutazama nje tu. Huko Kigutu, katika vilima vya kusini vinavyolitazama Ziwa Tanganyika, kilifunguliwa kituo cha afya mwishoni mwa mwaka 2007. Mwanzilishi wake, Deogratias Niyizonkiza, alikuwa mwanafunzi wa udaktari wakati vita vilipoanza mwaka 1993, akakimbilia ng'ambo, kisha akarudi kuwajengea watu wa kwao. Misaada ilitoka mbali, ni kweli. Lakini wanavijiji wenyewe walitoa nguvu zao, wakavunja mawe, wakachonga barabara kwa majembe ili gari liweze kufika, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa maadui wakati wa vita. Yafaa askari alitafakari hilo. Watu waliogawanywa na bunduki walikutanishwa na haja ya dawa.

Serikali nayo ina wajibu wake, na wajibu huo hauna budi kutajwa. Mwezi wa Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana mjini Abuja kwamba kila nchi itenge asilimia 15 ya bajeti yake kwa ajili ya afya. Ahadi ni deni. Kadi ya matibabu haina thamani kuliko karatasi iliyochapiwa ikiwa rafu za dawa ni tupu. Muuguzi anayetibu wenye kadi mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu bila kituo chake kulipwa, mwezi wa nne ataanza kuwafukuza kwa upole: atasema mashine imeharibika, atasema dawa hazijafika. Kila faranga inayochelewa Bujumbura huonekana Minago kama mgonjwa aliyerudishwa nyumbani. Na zaidi ya dawa kuna maji. Mwambao uliowahi kuugua kwa kunywa maji ya ziwa unahitaji mabomba na vyoo kabla ya kuhitaji vitanda, hasa baada ya miaka hii ambayo ziwa limepanda, likaingia katika makazi na kulifunika eneo la bandari. Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu, nako hakumdai mtu ada mlangoni.

Tena mpaka wa miaka 5 hauna budi kufikiriwa. Mtoto wa miaka 4 hutibiwa bure, dada yake wa miaka 6 anadaiwa. Mbu hawaoni tofauti. Hakuna anayesema kwamba kila kitu kifanywe bure kesho asubuhi. Mwaka 2006 umekwisha kufundisha kwamba ahadi isiyo na ghala huleta foleni. Kinachotakiwa ni kwamba yule aliyevuka miaka 5 asianguke shimoni, apokewe na kadi. Na nyumba isiyoweza kabisa kulipa kadi, mjane, yatima, mzee asiye na mtoto, ilipiwe na umma, kwa orodha inayosomwa hadharani kilimani mbele ya watu wote, ili jina la tajiri lisipenye mahali pa maskini.

Basi askari afanye nini? Yako mambo ambayo hayahitaji kungoja amri kutoka juu.

La kwanza, askari mwenye wazazi kijijini na awanunulie kadi wakiwa wazima. Bei yake ni ndogo kuliko deni la usiku mmoja wa hospitali. Tena awahimize ndugu zake wavuvi wailipe katika siku za giza, samaki wanapokuwa wengi, wasingoje mwezi mpevu.

La pili linahusu barabara. Barabara kuu ya kutoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac hupita kando ya ziwa, na kila kizuizi kilicho juu yake ni cha askari. Gari lenye mama anayejifungua, pikipiki iliyombeba mgonjwa mahututi, hao hawangojeshwi. Hawaulizwi pesa ya soda. Dakika 20 za kusimamishwa kizuizini zaweza kuwa ndizo zilizokuwa zimebaki. Askari anayepokea faranga 1,000 kwa mgonjwa ameongeza ada nyingine juu ya ada zilizomshinda mgonjwa huyo, na hakuna sheria iliyomtuma.

La tatu ni la polisi hasa. Ikiwa popote pale ataitwa askari kumzuia mgonjwa aliyepona asitoke hospitalini kwa sababu ya deni, na akumbuke kwamba mtu asiye na pesa ya dawa si mhalifu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi imejiunga nao tangu mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu wa mapatano. Deni lina njia zake za kudaiwa. Mwili wa mgonjwa si rehani, na sare ya polisi haikushonwa kwa ajili ya kulinda rehani ya namna hiyo.

La nne ni la makamanda. Kambi iliyo ufukoni inayo matangi ya maji, inayo magari, inayo vijana wenye nguvu. Siku kipindupindu kinapobisha hodi mtaani, maji safi ya kambi yaliyogawiwa mapema kwa jirani, na vijana waliotolewa kuchimba vyoo, huwalinda askari wenyewe kuliko dawa yoyote watakayopewa baadaye.

Ndugu wasikilizaji, huwa inasemwa kwamba jeshi la nchi ni watu wake. Ikiwa ni hivyo, basi mvuvi anayekufa kwa malaria iliyokuwa na dawa ni askari aliyeuawa bila vita, na mama anayekufa njiani akipelekwa kujifungua ni ngome iliyoanguka bila adui kuonekana. Nchi hii imekwisha kupoteza watu wengi kwa bunduki. Haifai iendelee kuwapoteza kwa kukosa faranga chache katika siku ya mbalamwezi.

Kazi ya kuifanya kadi ya matibabu iwe na thamani mikononi mwa kila mwananchi ni ya Serikali, ni ya tarafa, ni ya wauguzi, na ni ya wananchi wenyewe wanaotakiwa kulipa wakiwa wazima. Lakini ni kazi ya askari pia. Anayelinda mpaka na amlinde aliye ndani ya mpaka. Maradhi hayangoji mshahara, wala hayangoji samaki warudi. Nchi nayo isingoje.